Sauti ya marehemu mke wangu ilimtangaza mtu aliye hai kuwa amekufa. Yaliyotokea Juba, na swali langu kwa wanasheria

Wakuu, salamu kutoka Juba.

Mimi humu ni msomaji tu. Napita kimya kimya, nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, naenda zangu. Leo naandika kwa sababu nina shukrani nyingi kifuani na nyingine siwezi kuzifikisha kwa wenyewe, maana baadhi ya watu hao hata simu sina.

Shule yangu iliishia darasa la nane, kambini Kakuma, kwa hiyo mtanivumilia. Nitaandika nilichokiona na nilichokisikia. Pale ambapo sijui, nitasema sijui.

Kwanza mumjue mke wangu, la sivyo hamtaelewa chochote.

Aliitwa Keji. Watu wengi wa Juba hawakumjua kwa sura, walimjua kwa sauti. Alikuwa anasoma matangazo ya vifo katika redio moja ndogo hapa mjini, ambayo sitaitaja.

Kwa wasioijua Juba: mtu akifariki hapa, ndugu wanakwenda redioni au wanapiga simu. Jina la marehemu linasomwa, la baba yake, la babu yake, kwao ni wapi, na bika iko mtaa gani. Bika ndiyo msiba wenyewe, pale mnapotandika mikeka na kukaa kulia. Wengi tulikuwa tumetawanyika, wengine Kenya, wengine Uganda, wengine Khartoum. Tangazo la redio ndilo linalowakusanya.

Keji alikuwa na sheria yake moja. Hakusoma kifo chochote kabla ya kuongea mwenyewe na mtu aliyeleta habari, na mwingine mmoja wa familia. Na kila tangazo alilifunga kwa maneno yale yale: "Habari hii imeletwa na fulani," kisha anataja huyo fulani ni nani kwa marehemu. Mtoto wake, jirani yake, dereva wa lori aliyempakia.

Mkuu wake wa kazi alilalamika mwanzoni kwamba inakula muda wa hewani. Watu wengine nao hawakupenda kutajwa. Keji alikuwa anawaambia pale pale getini:

"Ukiniletea kifo, acha na jina lako. Ukiogopa kuliacha, rudi nacho."

Nyumbani alikuwa mcheshi, msidhani ni mtu wa huzuni. Sokoni wanawake walikuwa wanamtania asiwasalimie kwa sauti ile, wasije wakaanguka. Jirani yetu mmoja hapa mtaani kwetu New Site alikuwa hapokei simu yake kabisa. Alikuwa anatuma mtoto aje kuuliza, "Mama anasema, umempigia kwa heri au kwa ile kazi yako?"

Keji alifariki msimu wa mvua uliopita. Aliugua kwa muda mfupi tu. Sitaandika zaidi ya hapo.

Lakini kuna jambo lazima niliseme. Wakati huo redio yao haikuwa hewani, mitambo ilikuwa imeungua na kipuri kinasubiriwa kutoka nje. Kwa hiyo mke wangu, aliyewatangazia watu wa mji mzima vifo vyao, chake hakikutangazwa. Tulipiga simu tulizoweza. Kanisani walisema. Tulimzika kwao, barabara ilikuwa mbaya, waliofika walikuwa wachache.

Matokeo yake, watu wengi hawakujua. Nilikuwa nikikutana nao wananiambia, "Siku hizi Keji hasikiki, redio inarudi lini?" Niliokutana nao niliwaambia. Lakini mji ni mkubwa.

Sasa nije kwenye kisa.

Mimi ni dobi katika hoteli moja upande wa Buluk. Nafua na kupiga pasi mashuka, vitambaa vya meza, nguo za wageni. Ilikuwa mchana, nipo kwenye pasi. Akaingia mhudumu wetu mmoja kuchukua vitambaa vya meza, kijana Mkenya wa Kisumu, nitamwita Otieno. Alikuwa mgeni kazini, hata habari za nyumbani kwangu hazijui. Simu yake mkononi inacheza voice note.

Nikamsikia Keji.

Wakuu, nitakuwa mkweli kwenu. Kabla ya hofu, kabla ya hasira, nilifurahi. Moyo uliruka ukasema amerudi. Ilikuwa kwa muda mfupi tu, lakini ilikuwa furaha kamili na siwezi kuikana.

Nikamwomba Otieno airudie. Akairudia. Ile mara ya pili ndipo nikasikia maneno.

Ilikuwa sauti yake, kwa Kiarabu cha Juba, mwendo wake ule wa taratibu. Hata ile pumzi ndogo aliyokuwa akiivuta kabla ya kutaja jina la baba wa marehemu ilikuwepo. Sauti ilisema kwamba Wani, dereva wa raksha wa New Site, ameuawa kwa kipigo na wafanyabiashara wa Hai Jalaba, mtaa wenye maduka ya sukari na unga. Kwamba mwili umefichwa. Ikataja kabila la hao wafanyabiashara, mimi sitaliandika hapa. Ikamalizia kwamba vijana wa New Site wasikae kama wanawake.

Keji hakuwahi kusema neno kama hilo, hewani wala jikoni kwake.

Otieno akaniuliza, "Mzee, uko sawa?"

"Huyo ni mke wangu."

"Si basi umpigie umuulize?"

"Tulimzika."

Yule kijana akaviweka chini vitambaa vyake vyote. Akaniambia tu, "Nenda, mzee. Mashuka nitapiga mimi." Na alikuwa hajui pasi inashikwa wapi. Siku niliporudi kazini nilikuta foronya imeungua, ameikunja vizuri ameificha chini kabisa ya rundo. Sikumwambia kwamba nimeiona. Otieno, kama unasoma humu, asante, na foronya niliiona.

Nikachukua bodaboda kwenda New Site. Wani namjua kwa mbali, anakaa nyuma ya steji ya raksha, upande wa pili wa New Site kutoka kwangu.

(Raksha ndiyo hizi pikipiki za miguu mitatu zenye kiti cha nyuma na turubai. Tanzania mnaziita bajaji.)

Jambo lililonitisha nilipofika ni ukimya. Steji ya raksha haijawahi kunyamaza. Siku hiyo zote zilikuwa zimezimwa na kupangwa zikitazama barabara kubwa. Vijana wamesimama na vyuma. Dumu la petroli liko chini katikati yao. Na kutoka nyumbani kwa Wani kilio kinasikika, mke wake Sara ameshaanguka chini, wanawake wanatandika mikeka.

Simu ya Wani ilikuwa haipatikani. Hiyo ndiyo iliyokuwa imemaliza kila kitu. Kila aliyepiga na kukuta haipatikani aliona ni ushahidi.

Mwenyekiti wa steji anaitwa Taban, mtu mrefu, asiye na maneno mengi. Nikaenda moja kwa moja kwake nikamweleza kwamba ile sauti si ya kweli, kwamba Keji ni marehemu, kwamba mimi ni mume wake.

Taban hakunitukana. Akasema, "Mzee, pole sana. Lakini sauti ya Keji sisi tunaijua. Wewe hatukujui."

Na alikuwa sahihi, wakuu. Nimefikiria jibu lile mara nyingi. Miaka yote ile mji ulimjua mke wangu, mimi nilikuwa yule mtu anayemsubiri getini jioni na mwavuli. Sikuwa na picha yake kwenye simu ya kuwaonyesha. Na hata picha ingesaidia nini?

Kijana mmoja akasema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba huyu mzee ametumwa na watu wa Hai Jalaba. "Wamekupa sukari kilo ngapi, mzee?" Wengine wakacheka. Mmoja akaliinua dumu.

Mimi si mtu wa kupaza sauti. Nilisimama pale na mikono yangu inanuka sabuni.

Aliyetuokoa ni mama wa chai.

Mama Poni ana jiko lake la mkaa pale steji, anauza chai na mandazi. Vijana wote wale wanakula kwake asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kifupi muda wote, hajasimama. Akauliza, bila kupiga kelele, "Munu jibu kalam de?"

Yaani, maneno haya ameyaleta nani?

Kijana mwenye simu akamjibu, ni Keji, mama, si umesikia?

Mama Poni akasema, "Keji anasoma. Haleti. Nauliza aliyeleta. Irudie mpaka mwisho nimsikie."

Ikarudiwa. Safari hii watu walisikiliza mwisho. Sauti ya mke wangu ikasema vijana wasikae kama wanawake, kisha ikakatika. Hapakuwa na "habari hii imeletwa na". Hapakuwa na jina.

"Huyo si Keji," akasema Mama Poni. "Keji anaweza kusahau jina la mume wake. Hilo hawezi kusahau."

Mume wake nikiwa nimesimama hapo hapo.

Kisha akaeleza, na hapa sitaandika kila neno. Alisema kaka yake alipotea wakati wa vita. Siku moja alimsikia Keji akitangaza kifo chake, na mwisho akasema habari imeletwa na mwanamke fulani aliyemzika mbele ya nyumba yake. Kwa jina lile tu, Mama Poni alimtafuta yule mwanamke, akampata, akaonyeshwa kaburi. Alisema bila jina lile, kaka yake angekuwa maneno matupu ya redioni mpaka leo.

Nikaona uso wa Taban unabadilika. Akasema polepole kwamba baba yake naye alitangazwa na Keji, na habari ililetwa na dereva wa lori, akamtaja jina. Mwingine akasema wa kwao ililetwa na katekista. Kijana yule yule wa sukari akasema ya bibi yake ililetwa na yeye mwenyewe, alipelekwa getini akiwa mdogo, na Keji alimuuliza jina mara mbili na kulitaja redioni kama la mtu mzima.

Mji mzima, wakuu. Kila mtu pale alikuwa amebeba tangazo lake moja kichwani, na kila tangazo lilikuwa na jina mwishoni. Mimi nilidhani ni mazoea ya mke wangu tu. Nilikuwa sijui kwamba watu waliyatunza.

Taban akatoa amri hakuna raksha kuondoka mpaka apatikane aliyeleta habari. Wakaanza kupigiana simu. Wewe umeipata kwa nani? Na yeye? Na yule? Mnyororo ukaenda ukaishia kwenye kundi moja la WhatsApp, kwa namba ya nje ambayo hakuna aliyeijua, na haikupokelewa.

Wakiwa bado kwenye simu, raksha ikaingia steji inakohoa.

Alikuwa Wani. Amejaa tope mpaka magotini. Alikuwa amempeleka mama mmoja Gudele na magunia ya mkaa, akanasa kwenye matope, simu ikaisha chaji. Akazima raksha, akatuangalia sote, akaangalia mikeka nyumbani kwake, akauliza, "Nani amekufa?"

Mama Poni akamimina chai. "Wewe," akamwambia. "Kaa unywe."

Sara alitoka mbio. Alimpiga kwanza na kandambili, tena si kidogo, kisha akamshika shati hakumwachia. Watu walicheka, wakalia, na wengine hawakujua wafanye lipi. Mimi nililia. Sikulia hivyo hata kaburini.

Raksha ya Wani ilikuwa imeishiwa mafuta kabisa, ndiyo maana ilikuwa inakohoa. Taban akalichukua lile dumu la petroli, akalimimina lote kwenye tangi la Wani. Petroli ile ilikuwa iende Hai Jalaba. Nilisimama nikaiangalia ikiingia mpaka tone la mwisho, nikamshukuru Mungu.

Siku hizi Wani anaitwa Marehemu. Ameliandika kwenye kioo cha mbele kwa rangi nyekundu. Abiria wapya wanasita kupanda.

Kesho yake tukaenda polisi: mimi, Taban na Wani. Askari aliyetupokea alikuwa mtu mstaarabu, nampa haki yake. Aliandika malalamiko ya Wani, ya kutangaziwa kifo cha uongo na watu kuchochewa. Kisha nikamwambia na mimi nina langu, mke wangu ameibiwa sauti. Akaniuliza mwenye sauti yuko wapi, aje aandikishe maelezo mwenyewe.

Nikamwambia yuko wapi.

Aliweka kalamu chini. Akasema, "Malesh, ya akhuy." Ni pole, ndugu yangu. Akasema hajui aliandike wapi. Sikumlaumu, na mimi nisingejua.

Kanisani kwetu kuna dada mmoja wakili, amekulia Nakuru, nitamwita Grace. Nikamtafuta baada ya ibada, tukakaa kwenye benchi la nyuma, akanieleza kwa Kiswahili cha kueleweka. Naandika nilivyoelewa, kama nimekosea nisahihishwe.

Alisema kueneza uongo wa kuchochea watu ni kosa, na hilo lina pa kulishikia. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni, nchi nyingi sasa zimeliwekea sheria, na hapa kwetu nalo linajadiliwa na kuandikwa. Sauti na picha za kutengenezwa na kompyuta, hizi mnazoita deepfake, nchi nyingine zimeanza kutaka ziwekwe alama kwamba zimetengenezwa. Lakini alisema sheria nyingi zinamfikiria mtu aliye hai, anayeweza kuja kusema, "Huyo si mimi." Kwa marehemu, nchi zinatofautiana. Nyingine zinaipa familia haki, nyingine haki ya mtu inaishia pale anapoishia yeye.

Akaniambia, "Sheria itauliza nani ameumizwa. Tukisema Keji, itauliza yuko wapi."

Nikamwambia, "Mimi nipo."

Akasema, "Basi hilo ndilo neno la kupeleka."

Nimerudi kuongeza hapa, maana ndugu mmoja ameniuliza inbox kama mtengenezaji alikamatwa. Hapana. Mpaka leo sijui ni nani, wala alizipata wapi sauti za Keji. Kadiri alivyonieleza Grace, kwa mtu aliyesikika redioni miaka mingi si kazi ngumu, watu wanarekodi. Nilikuwa nataka sana kumjua. Sasa nataka kidogo.

Grace akanipeleka kwenye kikao kimoja ambapo wananchi waliitwa kutoa maoni juu ya mambo haya ya mtandao. Ukumbi mzuri, maji ya chupa, watu wa suti, wanahabari, wanafunzi wa chuo. Nilivaa shati nililopiga pasi mwenyewe, kwa hilo sikuwa na wasiwasi.

Nilipopewa kipaza sauti nilisema machache. Nilisema mke wangu alikuwa na kanuni kwamba habari isitoke bila jina la aliyeileta. Nikasema kama kompyuta inaweza kuongea kama yeye, basi nayo ifungwe na kanuni yake: iseme imetengenezwa, na nani kaitengeneza. Na nikasema marehemu apewe mtu wa kusimama kwa ajili yake, mume, mtoto, dada, yeyote wa familia, ili polisi ajue aandike wapi.

Msichana mmoja wa chuo akasimama baada yangu. Akasema kwa heshima kwamba anaogopa. Ukilazimisha kila kitu kiwe na jina, mwenye nguvu atalitumia jina hilo kumtafuta aliyesema ukweli usiopendeza. Akasema sheria ya kumlinda marehemu isije ikamziba mdomo aliye hai.

Nilimwambia ana haki ya kuogopa, na kwamba waandishi wa sheria wamsikie yeye kama walivyonisikia mimi. Baada ya kikao alinifuata nje, akaniambia mama yake alikuwa anawanyamazisha nyumba nzima wakati Keji anasoma. Tukaagana vizuri.

Kama maneno yetu yataingia kwenye sheria yoyote, sijui. Waliyaandika. Niliona kalamu zikitembea.

Sasa ya mwisho, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Redio imerudi hewani hivi karibuni. Mkuu wao aliniita. Akasema wanataka kutangaza kifo cha Keji rasmi, kwa heshima, kwa sababu wanajua mji haukuambiwa. Fundi wao wa mitambo, kijana mwema aliyempenda Keji kama mama yake, akatoa wazo. Akasema wanazo rekodi zake zote. Wanaweza kutengeneza sauti yake isome tangazo lake mwenyewe, na wataeleza wazi mwanzo na mwisho kwamba imetengenezwa. Hakuna udanganyifu. Lakini hawatafanya bila ruhusa yangu.

Angalieni jambo hilo, wakuu. Hakuna sheria iliyomlazimisha kuniuliza. Aliniuliza tu.

Nakiri nilitamani. Mnakumbuka ile furaha ya kwenye pasi? Ilirudi. Kumsikia tena, kwa halali.

Kisha nikamwambia yule fundi, "Mwanangu, Keji hakuwahi kusoma kifo kabla ya kuongea na familia. Hiki atakisoma vipi?"

Alicheka, akafuta macho. Akaniuliza basi nani asome.

Nilisoma mimi.

Sauti yangu si ya redio. Inakwama. Nilitaja jina lake, la baba yake, la babu yake, na kwao. Nilisema bika ilishapita lakini mikeka ipo, nyumba iko New Site, anayetaka kuja aulize steji ya raksha. Na nilipofika mwisho nikayasema yale maneno yake, ambayo nilikuwa nimeyasikia maisha yangu yote ya ndoa na sikuwahi kuyasema kwa mdomo wangu.

Watu walikuja, wakuu.

Walikuja siku nyingi mfululizo. Watu nisiowajua kabisa. Kila mmoja anakaa mkekani na kuniambia Keji alimtangazia kifo cha nani, na habari ililetwa na nani. Wale wafanyabiashara wa Hai Jalaba nao walikuja, na gunia la sukari na majani ya chai kwa ajili ya msiba. Yule kijana wa steji alilipokea gunia yeye mwenyewe, akalibeba begani mpaka jikoni kwa Mama Poni, aliyekuwa anapika chai ya wote. Alipopita mbele yangu akasema chini chini, "Mzee, sasa kilo nimezijua." Nilicheka msibani kwa mke wangu, na najua yeye angecheka zaidi.

Nilichojifunza ni kidogo. Sauti ya mtu inaweza kuibiwa, nimeisikia kwa masikio yangu na ilinidanganya mimi mumewe. Lakini namna ya mtu ya kufanya kazi yake kwa uaminifu, mwizi hakuijua, na wenye mji waliijua. Sheria tunazihitaji, tena haraka, maana si kila steji ina Mama Poni. Mpaka zije, ukitumiwa sauti au video inayokupandisha damu, isikilize mpaka mwisho na uulize aliyeileta ni nani. Kama hayupo, usiisambaze.

Namshukuru Mama Poni, Taban, Sara na Marehemu wake, Otieno, yule askari, wakili Grace, yule binti wa chuo, na fundi aliyeniuliza kwanza.

Swali langu kwa wanasheria wa humu, wa Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko: kwenu sauti ya marehemu ina mwenyewe? Familia ikienda polisi, inaandikiwa wapi? Na yule binti mngemjibu nini? Nitasoma majibu yenu yote, hata kama nitachelewa kujibu, mchana nipo kwenye pasi.

Habari hii imeletwa na mimi, mume wa Keji, New Site, Juba.